Betri Chini ya Kitanda

Katumba, Mpanda
24 Agosti 1997

Shemeji Nestori,

Bwana asifiwe. Huku nyumbani tunaamka na tunalala, hakuna aliye kitandani kwa ugonjwa. Mama yako anatembea tena na fimbo, ila anasema goti limeshamwambia kwamba mvua za mwaka huu zitakuwa mbaya. Aline yuko darasa la kwanza na ameshapoteza kiatu kimoja. Cha pili anakivaa hivyohivyo, anasema chenzake kitaona wivu kirudi.

Jumamosi ya tarehe 16 tulimaliza msiba wa kaka yako Siméon. Watu walikuja wengi, hata kutoka Mishamo. Jembe lake lilipelekwa shambani kwa mara ya kwanza tangu afe, pombe ikanywewa, na wazee wakauliza kama kuna mwenye neno na marehemu aliseme, maana siku ya kuganduka, ya kuvua msiba, ikipita neno halina pa kwenda. Kigoda chako kilibaki wazi. Mama alikataa mtu yeyote asikikalie. Nikawaambia watu kwamba umekosa kibali cha mkimbizi cha kutoka Tabora.

Kama ujuavyo, kwa mwaka mzima na zaidi hakuna aliyegusa vifaa vya Siméon, na lile basi alilokuwa akiligeuza nyumba lilikaa limefungwa palepale uani. Jumapili nikalifungua. Nilitegemea kukuta panya. Hapakuwa na panya wala buibui. Kitanda, meza yake ya kutengenezea redio, kabati, vyote vilikuwa kama alivyoviacha. Nikabonyeza swichi ya taa kwa mazoea tu ya mkono. Shemeji, taa iliwaka. Iliwaka nyeupe kabisa, kama siku alipoifunga.

Betri ni ileile moja, chini ya kitanda. Paneli ya jua haipo juu, wewe mwenyewe uliishusha siku ya mazishi na iko kwa Mama hadi leo. Sasa hiyo betri ilikuwa inakula nini miezi kumi na tatu?

Sikuandikii kwa ajili hiyo peke yake. Nyumba yetu imechoka, ukuta wa nyuma umepasuka hadi ninaona kuku wakipita. Ninataka mimi na Aline na Mama tuhamie ndani ya basi kabla ya mvua kubwa. Kulehemu nilijifunza kwa kumtazama, redio ndogo ninazitengeneza. Nitazunguka nalo kwenye magulio, Katumba, Kakese, hadi Mpanda mjini, kama alivyotaka yeye. Unakumbuka alivyokuwa akisema: mwaka 72 tulikimbia tukaacha nyumba na sufuria jikoni inachemka, nyumba itakayofuata nikikimbia inakimbia nami.

Betri moja haitatosha. Nipangie umeme wa basi zima: betri ngapi, inveta ya ukubwa gani, na betri zikae wapi.

Wako,
Vestina


Tabora
15 Septemba 1997

Shemeji Vestina,

Salamu zako zimenifikia. Mpe Mama pole ya goti, mwambie nimempelekea dawa ya kuchua kwa mkono wa Methusela wa reli. Mimi ni mzima. Kazi ya karakana ya kanisa ni nyingi, mashine za kusaga za nusu ya Tabora zinaletwa kwetu zikiwa zimeungua.

Kuhusu kuganduka, ni kweli sikupata kibali. Niliomba nikachelewa.

Kuhusu betri, hilo haliwezekani. Betri iliyokaa bila kuchajiwa inajimaliza yenyewe. Baada ya miezi sita ingekuwa imekufa, baada ya kumi na tatu ungekuta jiwe. Kuna mtu ameichaji. Uliza vizuri. Nakutumia kipimo cha asidi, kile cha kioo chenye mpira wa kuminya. Unavuta maji ya betri, unatazama boya la ndani limeelea kwenye rangi gani. Kijani imejaa, nyeupe nusu, nyekundu imekwisha. Washa taa zote mchana kutwa, jioni pima. Fanya hivyo wiki mbili, andika.

Mpango wa umeme hauanzi na betri, unaanza na matumizi. Andika kila kitu utakachowasha na kwa saa ngapi kwa siku. Usijidanganye. Watu huandika saa mbili za redio huku wanawasha kutwa.

Msilale humo kwanza. Lipake rangi, lipitishe hewa, wacheni lipoe.

Nestori


Katumba
12 Oktoba 1997

Shemeji Nestori,

Asante kwa dawa. Mama ameipaka na amesema inanuka kama askari, sijui alimnusa askari gani. Aline ameandika jina lake zima bila kusaidiwa na amekuwekea karatasi humu ndani. Hiyo michoro ya pembeni ni kuku.

Niliuliza kama ulivyosema. Ufunguo wa basi ulikuwa shingoni mwangu muda wote. Hakuna aliyeingia. Nimewasha taa tatu mchana kutwa kwa siku kumi na nne na redio juu yake. Kila jioni nimepima vyumba vyote sita vya betri. Hapa nimekuandikia: kijani, kijani, kijani, siku zote kumi na nne. Haikushuka hata unywele.

Nilimweleza jirani yetu Christina, akacheka hadi akakaa chini. Akasema, "Vesti, wewe una bahati. Mume wako yuko kaburini na bado analeta umeme. Wangu yuko hai, hata kuni haleti." Nami nikacheka. Kisha akatazama basi, akaacha kucheka, akaaga.

Kuna harufu pia. Inakuja saa nane mchana, saa aliyokuwa akijinyoosha baada ya chakula, na inaondoka saa tisa. Ni ya mayai viza. Nimetafuta yai kila kona. Kuku hawaingii humo, shemeji. Wanafika mlangoni wanarudi.

Matumizi ni haya. Taa tatu za tyubu, wati nane kila moja, saa nne. Redio ya wati kumi na mbili, niliandika saa tatu, nimekumbuka ulivyosema nikaandika sita. Chuma cha kulehemu wati arobaini, saa mbili. Feni ya meza wati thelathini, saa mbili, ya Mama, kwa sababu anasema bati la basi litampika.

Kwenye daftari la Siméon nimeona orodha kama hii aliyoianza. Aliandika "taa" na "redio", kisha "V. akishona usiku, taa ya ziada". Sikujua kwamba alikuwa ananiona nikikaza macho.

Ulisahau kunijibu betri zikae wapi. Niziandalie nafasi gani?

Vestina


Tabora
6 Novemba 1997

Shemeji,

Nimepokea, na kuku wa Aline nimewabandika ukutani karakana. Fundi mwenzangu Gaudensi anauliza kwa nini mmoja ana miguu minne.

Hesabu yako hii. Taa ni wati-saa 96 kwa siku. Redio 72. Hizo zinakula moja kwa moja kwenye betri, hazipiti kwenye inveta, kwa sababu inveta nayo ina mdomo wake. Chuma cha kulehemu 80 na feni 60 zinapita kwenye inveta, kwa hiyo zihesabu 100 na 75. Jumla 343. Gawa kwa volti 12, unapata kama ampea-saa 29 kila siku. Masika jua linaweza kupotea siku tatu, hiyo ni 87. Na betri usiinywe zaidi ya nusu, ukiizoesha kukauka inakufa mapema. Kwa hiyo 174. Hizo ni betri mbili za N100, ampea-saa mia kila moja, zifungwe sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Inveta ya wati 150 inatosha, feni inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya ilivyoandikwa. Paneli mbili za wati hamsini, na dainamo ya injini isaidie mkiwa njiani.

Kanisa limenipatia vyote kwa ajili yako, usijali. Vinakuja kwa treni ya Jumatano na Methusela. Betri zinakuja kavu, asidi iko kwenye madumu, vaa miwani ya Siméon wakati wa kumimina. Kile kidude cha bluu ni kidhibiti cha chaji, kinakata umeme wa paneli betri ikijaa. Paneli zote zipite kwenye kidhibiti kwanza. Usifunge paneli kwenye betri bila hicho hata kwa dakika moja.

Ile betri ya zamani itoe kwenye basi. Leo hii unaposoma. Chimba shimo uifukie. Isikae karibu na watu.

Hiyo harufu usikae nayo. Ikija, tokeni.

Nestori


Katumba
14 Desemba 1997

Shemeji Nestori,

Barua yako ya Novemba niliipata mwanzo wa mwezi huu. Vitu vilifika kabla yake, na treni ile ndiyo ya mwisho tuliyoiona. Watu wanasema reli imekatika kabla ya Kaliua na maji yamepita juu ya mataruma. Mvua hainyeshi tena, inamwagwa. Mahindi ya bondeni yote yamekwenda. Sisi tu wazima, ila Aline anakohoa.

Betri ya zamani niliitoa. Sikuifukia, nilishindwa, mikono ya Siméon imeishika sana. Niliiweka stoo. Siku ya nne ukuta wa nyuma ukaanguka, ule wa stoo, ukaivunja vipande. Asidi ikachimba sakafu. Sasa tumebaki na chumba kimoja na turubai, na Mama analala akiwa ameketi.

Nataka ujue jambo moja. Betri imetoka, imevunjika, imekufa mbele ya macho yangu. Harufu ya saa nane bado inakuja ndani ya basi. Jana niliisimamia. Ilianzia kitandani.

Nimemimina asidi, nimefunga kidhibiti, nimefunga inveta. Inawaka vizuri. Jumamosi ya tarehe 10 Januari tunahamia, hatuwezi kungoja zaidi. Nimekuuliza mara mbili betri zikae wapi na mara mbili umeniambia mambo mengine. Kwa hiyo nitafuata mchoro. Ninao mbele yangu. Kwenye daftari lake, kurasa za katikati, basi limechorwa lote kwa juu, na boksi la betri liko chini ya kitanda, limezibwa pande zote. Mchoro ni wa kalamu ya Siméon. Lile boksi ni la kalamu nyingine. Na ile R kwenye neno "betri", shemeji, ninayo kwenye barua zako zote mbili.

Vioo vya basi vimepoteza mpira, maji na upepo vinapita. Nitaziba kwa matambara Mama asipigwe na baridi.

Kama kuna kitu cha kuniambia, niambie kabla ya tarehe 10.

Vestina


Tabora
2 Januari 1998

Vestina,

Barua yako imefika leo asubuhi. Sina salamu za kukuandikia, nisamehe. Posta wamesema hawajui barua zitapita lini. Hii ninampa Methusela, ambaye kesho anatembea kwa miguu kwenye reli na wenzake kukagua mabomoko. Amesema akipata pikipiki upande wa pili atafika. Asipofika Mungu anijalie uwe umechelewa kuhama kwa sababu nyingine.

Msilale ndani ya basi betri zikiwa chini ya kitanda. Msizibe madirisha. Usilehemu ukiwa umefunga mlango. Betri inapochajiwa inatoa hewa, na hewa hiyo cheche moja inailipua. Ikichajiwa kupita kiasi inachemka na inatoa hewa nyingine yenye harufu ya mayai viza, na hiyo inaua bila kelele. Mtu anainusa mara ya kwanza, kisha pua inazoea, hainusi tena, analala.

Juni mwaka 96 nilipokuja, Siméon alitaka kutoboa sakafu ili betri ipumue nje. Alikuwa ameshaweka alama kwa chaki. Mimi ndiye fundi mwenye cheti, nikamwambia aache, vumbi la Katumba litaiharibu betri. Nikachora boksi. Nikaliziba kwa mkono wangu. Kidhibiti hatukuwa nacho, nikafunga paneli moja kwa moja nikasema itatosha mpaka nirudi. Aliniambia, "Mdogo wangu, una uhakika?" Nikamwambia wewe tengeneza redio zako.

Siku ya mazishi watu wote walisema malaria, na kweli alikuwa na homa. Niliingia ndani ya basi peke yangu kuchukua suti yake. Nikainusa harufu hiyo. Nikapanda juu, nikashusha paneli, ukanishukuru ukadhani nakusaidia kuhifadhi mali. Wewe ulinipa chai.

Kibali nilikuwa nacho mfukoni, Vestina, tarehe 16 Agosti. Nilijua wazee watauliza nani ana neno na marehemu. Nilifika stesheni ya Tabora nikakaa mpaka treni ikaondoka.

Betri zitoe nje. Boksi la bati nyuma ya basi, juu ya bampa, lenye matundu chini na juu. Nyaya nene zipite sakafuni. Ningekuandikia hivyo Septemba. Kila nilipoandika neno "nje" niliona utauliza kwa nini sasa nje na zamani ndani.

Kuhusu taa kuwaka miezi kumi na tatu sina hesabu yake. Nimeifanya mara nyingi. Kwa hesabu yoyote ninayoijua betri ile ilikuwa imekufa.

Nestori


Katumba
8 Februari 1998

Shemeji Nestori,

Nakusalimu, na ninaanza na salamu kwa sababu sote tupo. Mama yuko, Aline yuko, kikohozi kimepungua. Methusela alifika tarehe 19, siku tisa baada ya sisi kuhamia. Miguu yake ilikuwa imevimba, nimemkandia kwa maji ya chumvi na amelala kwetu siku mbili kabla ya kwenda kwa wenzake wa reli Mpanda mjini.

Tarehe 10 tuliingiza magodoro. Betri nilikuwa nimeziweka chini ya kitanda, ndani ya boksi lako. Nikachukua matambara kuziba madirisha. Nilisimama nayo mkononi mpaka Mama akauliza kama nimesahau kazi. Sikusahau. Nilikumbuka.

Sasa na mimi nikwambie. Siku ile ya Julai alikuwa na homa na upepo ulikuwa mkali. Akasema atajinyoosha kidogo ndani ya basi. Akaniambia, "Vesti, kuna kitu kinanuka humu." Nikamwambia ni homa inakudanganya. Nikachukua khanga yangu ya zamani nikaichana, nikaziba kila mwanya, kioo kimoja baada ya kingine, taratibu, nisimwamshe. Nilijisifu kwamba hata uzi wa hewa haupiti. Kisha nikaenda mtoni kufua. Wakati wa mazishi nilivichomoa vipande vile kabla watu hawajaingia, kwa nini sijui. Mwaka na nusu nimenyamaza, hata siku ya kuganduka nilinyamaza, na wazee wameuliza mara tatu.

Kwa hiyo tarehe 10 mikono ilinikatalia. Tukalala vioo vyote wazi, mvua ikatulowesha kama samaki. Mama alitukana usiku kucha kwa Kirundi, maneno ambayo sikujua Mkristo anayajua. Asubuhi tuliamka wote watatu.

Barua yako niliwasomea kwa sauti, Mama na Aline, ndani ya basi. Sikuruka neno. Mama aliegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akasema, "Mwambie aje. Mwambie kigoda sijampa mtu." Hivyo tu. Mimi sijui bado nitakuambia nini utakapokuja. Nilikukasirikia siku tatu, halafu kila nikikukasirikia nikawa naona mkono wangu mwenyewe ukichana khanga. Nimechoka kuitazama mikono yetu. Njoo.

Betri ziko nje sasa. Yotham mhunzi amenitengenezea boksi la bati nyuma, matundu chini na juu, na mimi mwenyewe nimetoboa sakafu kwa ajili ya nyaya. Mpango wako ni mzuri. Tumekaa siku nne bila jua na kipimo hakijafika nyekundu. Harufu haijarudi tena tangu siku niliyosoma barua.

Jambo moja tu, kisha nifunge, maana Methusela anarudi Tabora leo.

Jumanne mchana Aline alichoka, akapanda kitandani peke yake. Ni mara ya kwanza kulala mle mchana. Madirisha yote yalikuwa wazi. Ilikuwa saa nane. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikichambua mchele na nikawa nasikiliza pumzi zake, kama mama anavyosikiliza. Zilikuwa fupifupi, za mtoto. Katikati ya kila moja na nyingine palikuwa na pumzi ya pili. Ndefu, nzito kidogo mwishoni, ya mtu mzima aliyelala vizuri. Mama yako alikuwa kwa Christina. Hapakuwa na mtu mwingine.

Sikugeuka, shemeji. Niliendelea na mchele wangu. Aline akajigeuza akagonga bati la ukutani, akagumia, nikaona amebanwa. Basi nikasema bila kupaza sauti, "Sogea kidogo, mtoto apate nafasi."

Nikasikia springi za kitanda zikilia, upande ulio mbali na ukuta, na Aline akanyoosha miguu.

Vestina